Mama Mkwe Kwenye Kioo cha Nyuma

Mara ya mwisho tulimwacha Paluku amekaa kwenye benchi la polisi mjini Tarime, na gari la shule ya udereva limekaa juu ya ndizi za mama mmoja aliyekuwa amezipanga kando ya barabara.

Hakuna aliyeumia ila ndizi.

Kwa msomaji anayeingia leo, Paluku ni Mkongo wa Butembo. Kwao ameendesha malori kwenye matope yanayomeza gurudumu zima, na leseni ya Kongo anayo, halali, yenye picha yake akiwa bado na nywele. Alikutana na Ghati, binti wa Kikurya, wakati Ghati akiuza vitenge Kampala. Wakapendana, wakaoana, akamfuata mpaka kijijini kwao Gorong'a.

Tatizo lake ni moja tu. Kongo magari hupita kulia. Huku hupita kushoto.

Siku ya jaribio la kwanza aliondoka vizuri, akawasha indiketa vizuri, akafika kwenye kipilefti vizuri. Pale mikono ikakumbuka kwao. Akakata kulia. Mbele yake basi. Mengine waulize wauza ndizi.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Afande Elieth wa trafiki alimwambia siku ile. "Lakini wewe umekuja na kamba nne. Shule ya udereva wamesema gari lao hulishiki tena. Ukirudi kwenye jaribio, rudi na gari lako."

Gari lake! Mtu ambaye hata kitanda alicholalia kilikuwa cha wakwe zake.

Na hapo ndipo penye kidonda.

Paluku alikuwa anaishi kwa wakwe. Mwanamume mzima, mwenye mabega ya kubeba injini, anaamka kila siku kwenye boma la mama mkwe wake. Na mama mkwe huyo ni Bhoke.

Bhoke hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke wa mila. Wakurya wana neno lao, ensoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono. Hali naye. Wakikutana njiani mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Vijana wengi wa siku hizi wanalegeza, lakini Bhoke hakulegeza hata uzi.

Wala hakuzungumza na Paluku moja kwa moja. Alizungumza na ndama.

"Wewe ndama," angesema pale uani, amempa Paluku mgongo, "mwambie huyo mtu ugali umeiva."

Na Paluku, akitazama mawingu, angejibu, "Ndama, mwambie mama asante sana."

Yule ndama alijua mambo ya familia kuliko mwenyekiti wa kitongoji.

Shida kubwa ilikuwa njia ya chooni. Ilipita mlangoni kwa jiko la Bhoke. Ilimlazimu Paluku akohoe mara kadhaa kabla ya kupita, ili mama mkwe aingie ndani. Akawa anakohoa sana kiasi kwamba majirani walianza kumshauri akapime kifua.

Basi ilipotokea kazi mjini Mugumu, Paluku aliiona kama mlango wa mbinguni. Shule moja ya masista, upande wa Manchira, ilikuwa inatafuta dereva wa basi. Kazi ilikuja na nyumba ya vyumba viwili. Choo chake mwenyewe! Mlango wake mwenyewe! Ghati alikuwa ametangulia huko kufagia na kupima madirisha.

Ila Sista Agustina, mkuu wa shule, alikuwa na sharti. "Leseni ya hapa, kaka. Hiyo ya kwenu sijui kuisoma. Niletee karatasi ya kufaulu jaribio kabla wiki haijaisha, funguo za nyumba utazikuta kwangu."

Na wiki hiyo ilikuwa inaishia siku ileile ya jaribio la pili.

*

Aliyeokoa jahazi ni Nchagwa, kaka yake Ghati. Alikuwa na pikapu ya milango minne, boneti imefungwa kwa kamba ya katani.

"Shemeji," Nchagwa alisema, "gari hili limefundisha ukoo mzima. Likikushinda hili, rudi Kongo."

"Asante sana, shemeji. Niko tayari."

"Ila mama naye anakwenda Tarime kwa dada yake. Ana kuku wa kumpelekea."

Paluku akaelewa bila kuambiwa. Bhoke akaketi kiti cha nyuma ndani ya kebini, kuku mapajani. Paluku akapanda kwenye bodi, akakaa juu ya gunia la mahindi, mgongo Tarime, uso Gorong'a. Hivyo ndivyo alivyosafiri, akitazama anakotoka kama mtu anayefukuzwa.

Njiani simu ya Bhoke iliita. Paluku alisikia sauti yake kupitia kioo, ikipanda kwa Kikurya. Kikurya chenyewe alikijua cha salamu na cha chakula tu, na haya hayakuwa maneno ya chakula. Kisha simu ikakatwa.

Walipofika, Nchagwa aliegesha karibu na uzio wa uwanja wa majaribio, akamrushia Paluku funguo.

"Naenda kutafuta bolti ya springi. Narudi sasa hivi."

Wanaomjua Nchagwa wanaijua hiyo "sasa hivi" yake. Ina uwezo wa kuzaa wajukuu.

Paluku akasikia mlango wa gari ukifungwa. Kwa kuwa yeye ni mkwe mwenye adabu, alikaza macho kwenye bati la duka lililokuwa mbele, akalihesabia kutu, mpaka akaona muda umetosha kwa mama mwenye kuku kushuka na kwenda zake. Ndipo naye akaruka chini, akaenda ofisini bila kugeuka.

Kumbe mlango ule ulikuwa wa Nchagwa. Bhoke hakushuka.

*

Afande Elieth alikuwa mwenyeji wa Bukoba, mwembamba, kofia imenyooka. Alikuwa na ubao wa kuandikia ambao aliubana kwapani kama anayezuia usitoroke.

"Mkongo umerudi."

"Nimerudi, afande. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini? Nimekuzidi kofia tu. Leo tunapita upande gani?"

"Kushoto, afande."

"Siku zote?"

"Hata nikiota, afande."

Wakaenda kwenye gari. Paluku akaingia haraka kwenye usukani, moyo unapiga ngoma ya harusi. Afande akafungua mlango wa mbele, akachungulia kiti cha nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri. Umekuja na abiria."

Paluku akadhani anasema gunia la mahindi.

"Ndiyo, afande. La Gorong'a."

Afande akamtazama kidogo, akaandika kitu.

Paluku akafunga mkanda, akatazama vioo vya pembeni kama alivyozoea kwenye lori, akakanyaga klachi. Gari likaondoka laini kama uji. Kushoto, akajiambia. Kushoto, kushoto. Kwenye kipilefti akazunguka inavyotakiwa, na yule mama wa ndizi, alipoiona ile sura yake, akakumbatia mikungu yake kwa mikono miwili. Paluku akampita salama. Mama akapiga vigelegele.

Mambo yalikuwa yanakwenda. Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, Paluku alijisikia dereva.

"Gari gani liko nyuma yetu?" Afande akauliza ghafla.

Paluku akainua macho kwenye kioo cha ndani.

Hakuona gari. Aliona macho mawili.

Yalikuwa ya Bhoke. Ameamka wakati huohuo, mikunjo ya kitenge bado imechoreka shavuni, na pembeni ya shavu kichwa cha kuku nacho kinatazama. Mkwe na mama mkwe wakatazamana macho kwa macho, ana kwa ana, ndani ya kioo kisichozidi kiganja.

Paluku akakidaka kile kioo akakigeuza kikatazama paa.

"Wewe!" Afande akashtuka. "Unafanya nini?"

"Mama mkwe, afande."

"Mama mkwe ndiyo aina gani ya gari?"

"Siyo gari. Yuko nyuma. Nilijua ameshuka."

"Sasa yuko nyuma, ndiyo uvunje kioo? Kirudishe."

"Siwezi, afande. Ni mwiko."

"Mwiko?"

"Huku mkwe hamtazami mama mkwe usoni."

Afande Elieth akamgeukia Bhoke. Bhoke alikuwa ameshajifunika kitenge mpaka puani, anatazama dirisha la pembeni.

"Mama, ni kweli?"

Bhoke hakumjibu afande, maana kumjibu afande mbele ya mkwe ni kama kumjibu mkwe. Akainama.

"Wewe kuku," akasema, "mwambie huyo mtu asimamishe gari nishuke."

Kuku hakusema kitu.

Paluku akaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame!" Afande akafoka. "Hicho kibao hukioni? Hapa hakuna kusimama!"

"Kuku, mwambie afande niko nashindwa kuelewa nimsikie nani," Paluku akasema, jasho linamtiririka.

"Na wewe pia unaongea na kuku?"

"Pole, afande. Ni mazoea. Nyumbani tuko na ndama."

Afande Elieth akavuta pumzi ndefu. "Kwetu Bukoba," akasema taratibu, "mama mkwe hupelekewa senene wa kukaanga. Hageuziwi vioo. Nakuuliza tena, gari gani liko nyuma yetu?"

Hapo Paluku akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa malori. Na lori likishapakia mzigo, kioo cha katikati ni pambo tu. Akatupa jicho kioo cha pembeni kulia, akatupa la pili kushoto.

"Bodaboda mbili, afande. Moja imebeba mbuzi. Nyuma yake kuna lori la mchanga, taa moja imekufa."

Afande akageuka kuhakikisha. Bodaboda mbili. Mbuzi. Lori, taa moja.

Kwa mara ya kwanza hakuandika kitu.

"Endelea," akasema. "Rudi uwanjani. Tutaona kwenye mapipa."

*

Mapipa ndiyo yanayomtoa mtu machozi.

Kuna mapipa yamepangwa safu mbili, na gari linatakiwa kuingia katikati kinyumenyume bila kugusa hata moja. Lakini vioo vya pembeni vya pikapu ya Nchagwa vilikuwa na siri yao. Gari likiwa mwendoni vilikaa sawa. Gia ya kurudi nyuma ikiingia, gari zima lilitetemeka, vioo vikainamisha vichwa kama watu kanisani, vikawa vinaonyesha matairi.

Maana yake ni moja. Kurudi nyuma kulitaka dereva ageuze shingo atazame nyuma.

Na nyuma alikuwepo nani?

"Afande," Paluku akaomba, "naomba mama ashuke kwanza."

"Jaribio halijaisha. Mlango ukifunguliwa katikati, nimelifunga na umeshindwa. Ndiyo utaratibu wangu. Rudi nyuma."

Bhoke alikuwa na mkono kwenye kitasa tayari. Aliposikia hivyo, akautoa.

Paluku aliusikia ule mkono ukiachia kitasa.

Bhoke akafikiri. Kisha akafanya alichoona ni msaada. Akakivua kitenge begani, akakitandaza kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, mkwe asimwone. Uso ukafichika vizuri sana. Na kioo chote cha nyuma kikafichika nacho. Paluku alipogeuka aliona maua makubwa ya njano, basi.

"Mama," Afande akasema, "shusha hiyo nguo."

"Kuku," sauti ikatoka nyuma ya maua, "mwambie afande kwetu mama hashushi nguo mbele ya mkwe."

Afande Elieth akaziba mdomo kwa ule ubao wake. Mabega yakamtetemeka. Alipoutoa ubao, sura ilikuwa imerudi kazini, ila macho yalikuwa na maji.

Paluku akaona upenyo. "Afande, dereva wa lori ana utingo wa kumwelekeza. Kwenye basi la shule nako kuna matroni. Mama akinielekeza yeye, mimi nikitazama mbele, si inaruhusiwa?"

Afande akafikiri. "Pipa moja nakusamehe. La pili, nenda kauze ndizi."

Kwa hiyo Bhoke akapiga magoti juu ya kiti, mgongo kwa mkwe, uso kwenye kioo cha nyuma, kuku kwapani. Mwanamke huyu ameswaga ng'ombe wa jembe tangu akiwa msichana, na sauti ya kuamrisha alikuwa nayo ya kutosha vijiji viwili.

"Kuku! Mwambie arudi! Arudi! Kushoto! Kushoto kidogo!"

Paluku akapeleka gari kushoto.

"Kushoto nimesema!"

Akazidisha kushoto.

Pwaa! Pipa likalala.

"Moja," Afande akasema.

Paluku akashika usukani kwa mikono yote, akaona nyumba ya Manchira inaondoka, choo chake kinaondoka, mlango wake unaondoka. Akajiona anakohoa mpaka uzeeni. Amefanya alichoambiwa, amekosea tena. Kushoto ameambiwa, kushoto amekwenda. Nchi gani hii ambayo hata kushoto kwake si kushoto?

Hapo akili ikamfunguka.

Bhoke alikuwa amempa mgongo. Anatazama nyuma. Mkono wake wa kushoto uko upande wa mkono wa kulia wa Paluku! Mama wa watu alikuwa anasema kweli tupu, ila kweli yake imegeuka.

Na kama kuna kitu Paluku amejifunza tangu aingie Tanzania, ni kuchukua kila alichokijua na kukigeuza.

"Kuku," akasema kwa sauti iliyotulia, akilisogeza gari mbele waanze upya, "mwambie mama aendelee vilevile."

"Kulia!" Bhoke akaita.

Paluku akapeleka kushoto.

"Kulia tena! Sasa kushoto! Kushoto, kushoto, hapohapo!"

Kulia, kulia, hapohapo. Pikapu ikaingia katikati ya mapipa kama ng'ombe anayejua zizi lake. Haikugusa hata kutu.

"Simama!" Bhoke akapaza sauti, na bila kutaka akaongeza, "Mwanamume!"

Kuku akapiga kelele. Afande Elieth akacheka waziwazi, akajipangusa macho kwa leso.

"Nimetahini watu wengi," akasema, "sijawahi kumtahini kuku. Umefaulu, Mkongo. Wote watatu mmefaulu."

*

Karatasi ikaja na muhuri. Afande akamkabidhi dirishani.

"Hii ni karatasi ya kufaulu, siyo leseni. Leseni itakapotoka utaitwa, utakuja na ile ya kwenu tumalize mambo. Mpaka hapo, usiniletee ujinga barabarani. Na kile kioo kirudishe."

"Asante, afande. Asante sana. Merci."

Akaondoka. Paluku akaibusu karatasi. Akampigia Nchagwa simu, haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

Akasikia mlango wa nyuma unafunguka. Haraka akatazama bati la duka.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Bhoke akaingia, akaketi kiti alichotoka afande, akaweka kuku miguuni, akavuta mlango. Paluku akaganda. Bega lake na bega la mama mkwe wake yalikuwa karibu kuliko yalivyowahi kuwa.

"Hapa mbele," Bhoke akasema, akitazama kioo kikubwa, "wote tunatazama barabara. Hakuna anayemtazama mwenzake."

Hakumtaja kuku. Hakumtaja ndama. Paluku akageuza macho huku na huku kumtafuta anayeambiwa, akagundua ni yeye.

"Ndiyo, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Ghati alinipigia njiani. Nilitaka Nchagwa akwambie ukishamaliza jaribio, naye akarukia huko kwenye bolti zake. Nikasema nimsubiri garini. Usingizi ukanichukua." Akamsogeza kuku kwa mguu. "Pale kwa sista amekuja dereva mwingine. Leseni anayo. Amekaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu asubuhi."

Karatasi ikalegea mkononi mwa Paluku.

"Amepewa kazi?"

"Bado. Sista amesema neno lake ni mpaka ofisi ifungwe. Ukifika na karatasi, nyumba ni yako. Usipofika, ni ya huyo."

"Mbona hukuniambia kabla ya jaribio? Hata kwa kuku?"

"Ningekwambia ungeangusha mapipa yote."

Miezi yote ile Paluku alidhani mama huyu anamhesabia siku za kuondoka. Kumbe asubuhi nzima amekalia jambo zito peke yake, ili mkono wa mkwe wake usitetemeke. Akataka kumshukuru, akaona neno lolote atakalosema litakuwa na ukubwa wa kiroboto.

"Washa gari," Bhoke akasema.

"Mama, leseni bado. Afande amesema nisilete ujinga."

"Ile ya kwenu imekufa?"

Akaitoa mfukoni. Haikuwa imekufa. Picha yenye nywele ikamtazama.

"Haijafa."

"Umeikabidhi?"

"Bado."

"Basi mpaka uikabidhi wewe bado ni dereva wa Kongo. Ujinga uko wapi?"

"Na gari ni la Nchagwa."

"Nchagwa nimemzaa mimi. Nchagwa ukimsubiri, mtama utaota kichwani kwako. Washa gari, mwanangu."

Mwanangu.

Tuseme ukweli, Paluku alijua si sawa. Alijua kabisa. Lakini mtu ambaye kwa miezi ameitwa "huyo mtu", akiitwa mwanangu, miguu humtangulia akili. Akawasha.

Wakatoka uwanjani kwa upande wa kushoto. Wakaupita mji kwa upande wa kushoto. Bhoke akitazama mbele, Paluku akitazama mbele, kuku akitazama miguu yao. Wakaishika barabara ya Mugumu, na jua lilikuwa bado juu. Bhoke akaanza hata kumweleza jinsi ya kuweka jiko kwenye nyumba mpya, moshi usiingie chumbani.

"Nanyi mtakuwa mnakuja?" Paluku akauliza.

"Kwa mkwe? Nitakaa nje, chini ya dirisha. Tutaongea ukutani."

Wakacheka wote wawili, kila mtu na upande wake wa barabara.

Ndipo walipopanda kilima kidogo, wakaona askari amesimama katikati ya njia, mkono juu. Si Afande Elieth. Huyu alikuwa mnene, hana mzaha, na kando yake pikipiki ya polisi imelazwa kuziba nusu ya barabara.

Nyuma ya askari alikuwa Nchagwa, bolti mkononi.

Nchagwa alikuwa amerudi pale kwenye uzio, akakuta pikapu haipo. Simu yake imezima. Shemeji hayupo. Akafanya alichoona ni busara, akakimbilia kwa askari wa kwanza aliyemwona, wakaelekezwa barabara ya Mugumu, wakapanda pikipiki na kuwatangulia kwa njia ya mkato.

"Ndilo hilo!" akapiga kelele. "Ndilo gari langu! Mwizi huyo, afande! Mkongo wa watu!"

Jua lilikuwa linampiga usoni, hakumwona mama yake.

Paluku akaitazama karatasi juu ya dashibodi, akaigusa leseni ya Kongo mfukoni, akautazama mkono wa askari. Kushoto kwa pikipiki palikuwa na nafasi. Pikapu ingepita.

"Mama," akasema, "huyu ni serikali."

Bhoke alikuwa anachungulia jua, anapima muda.

"Tukisimama," akasema polepole, "ataandika maelezo yako, aandike ya Nchagwa, aandike ya kwangu. Sista atakuwa ameshafunga ofisi." Akajifunga kitenge vizuri. "Lakini tusiposimama, utakuwa mwizi kweli, na mimi nitakuwa nimeiba na wewe."

Kisha akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. Akageuza shingo, taratibu, akamtazama mkwe wake usoni, machoni, bila kioo.

"Wewe ndiye dereva," akasema.

Askari akapuliza filimbi. Mguu wa Paluku ukainuka kwenye pedeli ya mafuta, ukaning'inia hewani, kati ya mafuta na breki.